Presi ya kubania kioo cha saa, na saa ya mjomba

Kioo cha kwanza kuvunja kilikuwa cha saa ya mjomba, na nilikivunja kwa mashine ya kuvika vifungo. Mafundi cherehani wenzangu mnaijua ile mashine, ya chuma, ina mkono wa kushusha, unaweka kitambaa na kifungo ndani ya dai, yani kile kipande cha duara cha kubania, unabana mara moja kifungo kinatoka kimeshavaa nguo. Nikaangalia dai kubwa nikaona upana wake unakaribiana na kioo, nikasema kazi si ni ileile tu ya kubana, nikalaza saa pale nikashusha mkono. Ikasikika ta! Nyufa tatu, zimeanzia katikati zimekwenda pembeni kama mguu wa kunguru.

Kile kioo nilikuwa nimekisubiri siku tisa kije na basi kutoka Dar. Na mwenye saa ni mjomba. Ambao si wa huku Mtwara nawaambia, kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, kwahiyo mjomba ndiye mwenye sauti nyumbani, harusi mjomba, ugomvi mjomba, na mimi hata cherehani yangu ya kwanza ni yeye aliyeninunulia kwa hela ya korosho. Saa yenyewe, Seiko 5, aliipata hivyohivyo, msimu mmoja korosho imelipa vizuri akashuka kutoka Newala na gunia la hela kichwani mwake (hela zenyewe mfukoni, mipango ndiyo gunia), akarudi na bati, redio na saa. Bati zimeshapata kutu, redio haipo, saa bado inatembea. Kioo tu ndicho kilichopigwa na mpini wa jembe.

Zamani nisingejisumbua kabisa. Alikuwepo mzee mmoja fundi saa karibu na soko kuu, kameza kadogo, glasi jichoni, unamwachia saa asubuhi jioni unachukua. Macho yakamchoka akarudi kijijini na hakuna aliyekaa kwenye ile meza. Baada ya kuvunja kioo nikampigia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, cherehani haijambo?"

Nikamweleza yote, hakucheka, akaniuliza kioo chenyewe cha plastiki au cha chupa. Nikasema sijui, kinaonekana tu kioo. Akaniambia: "Hapo ndipo ulipokosea, si kwenye mashine. Cha plastiki kipe vidole, cha chupa kipe mashine, na mashine yenyewe iwe ya kuzungusha."

Maneno hayo nimeyaelewa polepole, karibu mwaka mzima, na ndiyo yamenifanya niandike hapa, maana naona watu wengi sasa wananunua vifaa vya saa kwa simu, wanaona picha ya presi ina dai 12 za rangi nyeupe wanatuma hela. Mimi pia nilituma.

Tuanze na aina ya kioo kwanza, kwasababu inawezekana presi huihitaji kabisa. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo zina kioo cha akriliki, yani plastiki ngumu. Kigonge taratibu kwenye jino, kinatoa sauti butu na hakina ubaridi, cha chupa kina sauti kali na ni cha baridi. Akriliki inachubuka haraka lakini inasugulika, msasa laini namba 2000 na maji, halafu dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba, sugua dakika kumi, mikwaruzo inaondoka, nimerudisha vioo vya hivyo sijui vingapi na sikununua chochote. Na kama kimepasuka inabidi kibadilishwe, kile cha kawaida kinaingia kwa kishikio chenye kucha nyingi kinachokibana pembezoni kote kwa pamoja, kioo kinajikunja kidogo, kipenyo kinapungua, unakikalisha kwenye fremu unaachia kinatanuka kinajishika chenyewe.

Cha chupa hakijikunji. Hapo ndipo pana tofauti yote. Kioo cha madini, yani hicho cha chupa cha kawaida, hata kile kilichoimarishwa ambacho Seiko wanakiita Hardlex, kinashikwa na gasketi, kamkanda ka plastiki kembamba kanakozunguka ukingo, kioo ni kipana kuliko nafasi iliyobaki kwa kiasi kidogo mno na lazima kisukumwe kiingie kimelala sawasawa. Kikiingia upande mmoja kabla ya mwingine, ukingo wa chuma unainyoa gasketi, au kona ya kioo inamegeka. Na kioo cha yakuti samawi, kile cha saa za bei, ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ndiyo 10, kisu hakikikwaruzi, lakini ukikibana kimepinda kinameguka vilevile, ugumu haukiokoi.

Kwahiyo nikanunua presi. Ya kwanza ilikuwa ya mkono, unashusha wenzo, ina chemchemi ya kuurudisha juu, na zile dai 12 za nailoni. Sitaji nilinunua kwa nani maana shida yangu ni na muundo wenyewe. Niliiweka mezani nikaishika kile kichwa cha juu nikakitikisa, kikacheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikajiambia si neno. Kioo cha pili kikameguka ukingoni, upande wa saa nne, nikajua yale maneno ya babu kuhusu kuzungusha hakuyasema bure.

Hili ni jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote humu. Kioo cha saa hakihitaji nguvu kubwa, kinachohitaji ni dai la juu na la chini yatazamane sawasawa. Na wenzo una tabia mbaya mbili. Ya kwanza, nguvu inatoka kwenye bega, huwezi kuigawa. Ya pili ni mbaya zaidi, kioo kinagoma, kinagoma, unaongeza, halafu ghafla kinaingia na mkono wako bado unasukuma kwasababu hakuna kinachouzuia, ile hatua ya mwisho ndiyo inayovunja. Ni kama kusukuma mlango uliokwama, ukifunguka unaanguka nao ndani.

Jinsi ya kujua presi yako iko sawa nilitoa kwenye kazi yangu ya nguo. Sisi tunayo karatasi ya kaboni ya kuhamishia alama za mshono. Kata kipande, kilaze juu ya karatasi nyeupe, weka katikati ya dai mbili zinazolingana, bana kidogo, fungua. Ukiona duara zima lenye weusi ule ule pande zote, presi iko sawa. Ukiona mwezi mwandamo, upande umekolea na upande mweupe, basi imepinda na itakuvunjia. Ile ya wenzo ilinipa mwezi mwandamo kila nilipojaribu, na mbaya ni kwamba mwezi wenyewe ulikuwa unahama, leo kushoto kesho mbele, ingekuwa umekaa upande mmoja ningeweka karatasi chini ya mguu nikarekebisha, lakini kitu kinachocheza hukirekebishi.

Ukienda dukani, ama hata ukiwa unaletewa na mtu, beba kaboni. Haina uzito.

Nikauza ile ya wenzo kwa kijana anayefunga mifuniko ya nyuma, kwa mifuniko ya kubana inafaa sana na nilimwambia wazi isiguse kioo cha chupa. Nikakaa miezi miwili nikijichanga, msimu wa sare za shule ulinisaidia, nikanunua ya skrubu. Hii ina nguzo mbili pembeni, katikati fimbo yenye nyuzi kama ya kibano cha seremala, juu gurudumu la kuzungusha, dai 20 za aluminiamu. Iligharimu karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Zipo za Uswisi, Bergeon, hao watu wa Le Locle wanatengeneza zana za saa tangu 1791 na mafundi wakubwa dunia nzima wanazitumia, ila bei ya presi yao ni bei ya cherehani nzuri, na kwa mtu anayebadilisha kioo kimoja viwili kwa mwezi nyumbani sioni sababu.

Lakini hata ya skrubu si kila moja inafaa, na hili sikuona mtu analisema. Angalia ncha ya fimbo pale dai linapokaa. Shika dai kwa vidole, zungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Dai likizunguka pamoja na fimbo, usinunue. Maana likishagusa kioo litaendelea kuzunguka juu yake, linakwaruza, na linaivuta gasketi iende nalo inajikunja upande mmoja. Inatakiwa fimbo izunguke na dai litulie, linashuka tu. Yangu ilikuwa nzito kidogo kuachia, nikaweka grisi ya silikoni tone moja pale kwenye ncha ikalainika.

Sasa dai. Hapa ndipo hela inapotea kwa wengi, mtu anahesabu dai ngapi zipo ndani ya boksi wakati anatakiwa ahesabu hatua kati ya dai na dai. Dai 12 zinazorukaruka milimita nne nne ni mbaya kuliko dai sita za saizi unazokutana nazo. Kwa kioo bapa, dai la juu liwe dogo kuliko kioo kidogo tu, libane karibu na ukingo, kwasababu ukingo ndio uliokalia kitu chini yake, katikati pana hewa tupu. Mimi kioo cha tatu (ndiyo, kipo cha tatu) nilikibana kwa dai la milimita 22 na kioo kilikuwa cha 30, presi nzuri, kaboni safi, kikapasuka katikati vilevile kama kile cha mashine ya vifungo, na safari hii nikaelewa kwamba hata kile cha kwanza kilikufa kwa sababu hiyohiyo ya kubanwa katikati. Dai likiwa kubwa kuliko kioo nalo linagota kwenye fremu kabla kioo hakijakaa, isipokuwa kile kioo ambacho kinatakiwa kibaki kimechomoza juu ya fremu, hapo halina shida.

Kioo chenye kifua, kilichotuna juu, kinataka dai lenye shimo kama bakuli liguse pembezoni peke yake. Na dai la chini watu hawalifikirii kabisa. Boksi la saa, yani mwili wake wa chuma, lina yale masikio manne ya kushika mkanda, na mara nyingi masikio yameinamia chini, ukililaza kwenye dai pana linakalia masikio linayumba kama kiti cha miguu mitatu. Tafuta dai linaloingia katikati ya masikio libebe mwili wenyewe wa boksi. Na mashine ya saa itoe kwanza, pamoja na uso na mishale, boksi libaki tupu.

Kupima. Mimi nilikuwa na futi kamba tu, na futi kamba kwa saa ni sawa na kupima nguo kwa macho. Nunua vernia kalipa, kile kipimo cha taya mbili, hata ya plastiki ya kidijitali, isome angalau sehemu ya kumi ya milimita. Ningeambiwa mapema ningeinunua kabla ya presi. Saa ya mjomba tundu la boksi bila gasketi lilikuwa 31.4, gasketi unene wake 0.45, pande mbili inakuwa 0.9, kioo cha 30.6. Ukijumlisha 30.6 na 0.9 unapata 31.5, yani imezidi tundu kwa 0.1, na hiyo 0.1 ndiyo inayokishika kioo kisitoke wala maji yasiingie. Angalia ilivyo ndogo. Ndiyo maana ukiagiza kioo "cha 30 hivi" unaletewa kinachocheza au kisichoingia. Unene pia upime, cha kwake 2.0, ukiweka chembamba kinazama ndani ya fremu vumbi linakaa pale, ukiweka kinene kinachomoza kinagonga kila mlango. Gasketi ya zamani usiirudishe, ikishakuwa njano na kukakamaa imeshakufa.

Kubana kwenyewe sasa ni dakika tano. Nazima feni. Naweka kipande chembamba cha nailoni kati ya dai na kioo kwasababu aluminiamu inaacha alama. Nakalisha kioo juu ya gasketi kwa vidole, nashusha mpaka dai linagusa tu, natazama kwa ubavuni na tochi ya simu kama ufa wa mwanga uko sawa pande zote. Halafu robo mzunguko, natazama. Robo mzunguko, natazama. Kwa ncha za vidole, siyo kwa kiganja. Utaona uzito unapanda taratibu, halafu unafika mahali unakuwa mzito ghafla kama umegusa ukuta, hapo kioo kimekaa, rudisha. Ukiona upande umewahi usiendelee ukidhani utajinyoosha, toa chote uanze upya. Nimewahi kuanza upya mara nne kwa saa moja na sikuona ni muda umepotea.

Na usitie supagluu. Najua kioo kikilegea inashawishi, tone moja tu, lakini mvuke wake unapanda unatanda weupe kama ukungu kwa ndani ya kioo na kwenye uso wa saa, na kwenye uso wa saa kuutoa ni balaa.

Kuna jambo la dai la mti nilitaka kulisema. Ililetwa saa ya zamani ya kioo cha akriliki chenye pete ya chuma kwa ndani, hicho vidole na kucha havikitoshi, kinabanwa pembezoni kiende chini moja kwa moja, na kati ya dai zangu 20 hakuna bakuli lililofaa. Nikawaza mpingo, si tunao, nikaenda kwa kaka mmoja mchonga vinyago. Akanikatalia kwa ustaarabu, akasema dada yangu mpingo mbichi utapasuka ukikauka, na mkavu nilionao ni wa kinyago cha mtu, halafu mimi nachonga kwa jicho, duara lako linataka mashine. Akanielekeza kwa seremala anayekereza miguu ya vitanda. Seremala akakereza kipande cha mninga mkavu, nimesimama pale na vernia yangu, anakereza napima, anakereza napima, mpaka ukingo wa bakuli ukalingana na ukingo wa kioo. Alinitoza bei ya soda. Lile dai ninalo hadi leo, mti unabonyea kidogo sana chini ya akriliki, haukwaruzi, na sasa nina ya mti matatu. Kwa vioo vya akriliki vilivyotuna nayapenda kuliko ya aluminiamu. Kwa kioo cha chupa hapana, mti unabonyea upande usioutaka.

Saa ya mjomba nikaimaliza mwezi wa tatu, masika yamekolea, nguo zenyewe kwenye kamba hazikauki. Nikaifunga, ikapanda Newala na gari la jioni. Asubuhi yake simu.

"Mwanangu, hii saa inalia."

"Inalia vipi mjomba?"

"Machozi. Kioo kimejaa machozi kwa ndani, siku naiona ila namba siioni."

Kumbe nilikuwa nimefungia ndani hewa ya Mtwara mjini, ya pwani, imejaa maji, na Newala iko juu uwandani asubuhi kuna baridi na ukungu, kioo kikapoa yale maji ya hewani yakashika kwa ndani. Presi haikuwa na kosa, kioo kimekaa vizuri, kosa lilikuwa siku niliyochagua. Ikarudi, nikaifungua mfuniko wa nyuma, nikaiweka siku mbili kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya (navikusanya, majirani wananiletea), nikaifunga mchana wa jua kali. Haijalia tena. Toka hapo masika nabana vioo lakini sifungi saa bila kulaza kwanza kwenye kopo.

Na sifanyii kazi hii kwenye banda la cherehani tena, nyuzi zinapeperuka, unyuzi mmoja ukiingia chini ya kioo utauona kila ukitazama saa. Nafanyia chumbani, mezani, kitambaa kimeloa kidogo, na kapulizio ka mpira ka kusafishia pua za watoto, usipulize kwa mdomo, mate yanabaki.

Mtu akiniuliza leo ana hela kidogo aanzie wapi, namwambia vernia kwanza, kishikio cha kucha cha vioo vya akriliki pili, afanye saa za plastiki miezi kadhaa mkono uzoee, ndipo presi ya skrubu, ya ncha inayotulia, aipime na kaboni. Dai anunue kwa kufuata saa zinazomfikia. Huku kwangu nyingi ni za kati ya 28 na 32, huko kwako sijui, weka daftari. Ya wenzo kwa kioo cha chupa sitamshauri mtu yeyote, hata akipewa bure.

Mezani hapa sasa hivi ipo saa ya mvuvi mmoja wa Msangamkuu, chumvi imekula fremu, nimeisugua siku mbili kwa mswaki. Kioo chake 30.8, kimefika jana na basi, nimekipima mara tatu, dai la 30 linafaa juu, la chini nimepata linalopita katikati ya masikio. Kusi imeshaanza, hewa ni kavu, ila ikifika saa nne upepo unaleta mchanga mpaka ndani. Kwahiyo kesho nitaamka mapema, nabana kabla ya chai, na boti ya mchana anaondoka nayo mkononi.